Mama ashukie Nairobi, tiketi isome Entebbe?

Anti, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne, naishi Tabata. Mdogo wetu wa mwisho anaoa Nairobi mwezi ujao. Huu ni mwaka wake wa sita anafanya kazi huko, mchumba naye ni wa huko huko, kwa hiyo shughuli yote itafanyika kwao. Sisi tunakwenda kwa basi. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, daktari amemkataza kukaa kwenye kiti saa nyingi, hivyo tulikubaliana yeye apande ndege, na ndugu tumechanga. Anti, hujapata kuona mama anavyojiandaa kwa harusi ya kitinda mimba wake. Amenunua sare za kina mama wa upande wetu, doti kumi na mbili, amezikunja kwa mkono wake na kuzipanga kwenye begi, na juu yake ameweka mchele wa Kyela kwa sababu anasema mkwe wake lazima aujue mchele wa kwao mume wake.

Tatizo ni tiketi. Mtoto wa dada yangu ana mwaka na nusu tangu aajiriwe kwenye ofisi ya wakala wa tiketi pale Posta, tukamwachia yeye atafute. Dar–Nairobi kwenda na kurudi alituletea shilingi 780,000. Tukaguna. Kesho yake akaja na tiketi ya 545,000, shirika lile lile, ndege ile ile, saa ile ile, isipokuwa hii inakwenda Entebbe kupitia Nairobi. Anasema bibi akifika Nairobi asiunganishe, atoke nje kama wengine, mjomba atakuwa anamsubiri. Siku ya kurudi aende uwanjani pale pale Nairobi apande ndege ya Dar, maana kwenye tiketi ipo tayari.

Kaka amefurahi sana. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja. Mtoto anasema ni sawa na daladala: umelipa nauli ya mpaka Gongo la Mboto, ukashukia Ukonga, konda atakudai nini? Anasema Ulaya na Marekani watu wanafanya hivi kila siku na ipo hadi tovuti ya kuwatafutia tiketi za namna hiyo. Mama tulipomweleza aliuliza swali moja tu: "Wakiniuliza naenda wapi, niseme wapi?" Mtoto akamjibu, "Sema Entebbe, bibi." Mama akanyamaza, akaendelea kukunja vitambaa vyake. Namjua mama akinyamaza vile.

Bukingi imeshikwa, mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Je, huu ni wizi? Anaweza kukamatwa? Na begi, tukiomba kaunta lishushiwe Nairobi watakubali? Sitaki nionekane ndiye ninayeiongezea familia gharama kwa woga wangu.

Mtoto wa pili, Tabata

*

Marahaba, mdogo wangu. Hongereni kwa harusi.

Msiilipe hiyo tiketi. Nimeanza na jibu kwa sababu Ijumaa iko karibu. Sasa nikupe hoja unazozikosa, maana moyo wako umeona sawasawa.

Kabla sijaanza kujibu barua hizi nilikaa nyuma ya kaunta ya tiketi miaka kumi na moja. Nilianza enzi za tiketi za karatasi, kile kijitabu chembamba chenye kuponi. Kila kipande cha safari kilikuwa na kuponi yake, na tulizichana kwa mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karatasi ziliondolewa mwaka 2008, lakini kuponi hazikuondoka, zilihamia kwenye kompyuta, na sharti la mpangilio likahama nazo. Tiketi ya mama yako itakuwa na kuponi nne: Dar–Nairobi, Nairobi–Entebbe, Entebbe–Nairobi, Nairobi–Dar. Ya kwanza ataitumia. Ya pili ataitwa jina, hatatokea, mlango wa ndege utafungwa, na ataandikwa kuwa msafiri ambaye hakuonekana. Hapo ya tatu na ya nne zinafutwa. Siku ya kurudi atafika uwanjani Nairobi na begi lake, kila kitu cha harusi kimekwisha, miguu imevimba, na binti wa kaunta atamwambia, "Mama, huna safari."

Nimewahi kukaa upande ule wa kaunta nikalitamka neno hilo kwa mzee aliyekuwa na umri wa baba yangu. Safari yake haikuwa ya ujanja, alichelewa tu kipande cha kwanza akadhani cha kurudi kitamsubiri. Sijausahau uso wake.

Basi fanya hesabu. Tiketi ya kwenda tu, Nairobi–Dar, ikinunuliwa siku ile ile ya kusafiri, haiwi bei ya huruma. Tuseme ni 430,000. Jumlisha na zile 545,000 mlizokwisha kulipa, unapata 975,000. Mmelipa 195,000 zaidi ya tiketi mliyoiona ghali.

Wanaoufanya mchezo huu wakafanikiwa huacha kipande cha mwisho kabisa cha tiketi, pale ambapo mbele hakuna kilichobaki cha kufutwa. Mtoto wa dada yako amekata katikati ya mnyororo. Simlaumu kwa nia, ni mgeni kazini na anampenda bibi yake. Nadhani atakujia na jibu la pili: tununue ya kwenda peke yake kupitia Entebbe, ya kurudi tuinunue kivyake. Mwambie aweke bei mbili hizo kwenye karatasi mzione. Kwenye mashirika mengi makubwa tiketi ya kwenda tu haiwi nusu ya ile ya kwenda na kurudi, na faida yote mliyoitafuta inaweza kuishia hapo. Lakini hata kama ingebaki, liko suala la begi.

Mama akifika kaunta pale Terminal 3, begi litapimwa na kufungwa tagi yenye herufi tatu kubwa: EBB. Hiyo ni Entebbe. Nairobi ni NBO. Kuanzia hapo begi linaifuata tagi, na zile doti kumi na mbili hazitaonekana kwenye mkanda wa mizigo wa Nairobi. Umeuliza kama mkiomba watakubali kulikatishia njiani. Kwa ndege zinazounganishwa siku ile ile kaunta kwa kawaida hukataa, na kwa kuomba tu mtakuwa mmekwisha kusema mnachokusudia. Usifikirie pia kwamba suluhisho ni begi dogo la mkononi. Ndege za safari fupi zikijaa, mabegi ya mkononi huchukuliwa mlangoni, yanafungwa tagi, yanapelekwa chini, na tagi hiyo nayo mara nyingi husoma mwisho wa tiketi.

Na hapa ndipo daladala inapoachana na ndege. Ukishukia Ukonga, konda anafurahi, kiti kimepatikana na abiria mwingine anapanda. Kwenye ndege, begi la mtu ambaye hakupanda halitakiwi kuondoka. Kanuni hiyo imeandikwa kwa damu. Juni 1985 ndege ya Air India ililipuka angani karibu na Ireland, watu 329 wakafa, kwa bomu lililokuwa ndani ya begi ambalo mwenyewe hakupanda. Kwa hiyo jina la mama yako likiitwa mara ya mwisho pale Nairobi bila jibu, wapakiaji wataanza kulitafuta begi lake tumboni mwa ndege na kulishusha, huku watu wamefunga mikanda wanasubiri. Watu hao wana misiba yao, wana wagonjwa, wana ndege nyingine za kuwahi. Baada ya hapo mama atatakiwa aende kulidai begi na kueleza kwa nini hakupanda.

Sasa ongeza magoti. Kwa mama wa miaka 67 mwenye magoti mabovu ningewashauri muombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Ni huduma ya bure, na mashirika yanapenda kuarifiwa mapema, angalau siku mbili kabla. Lakini hebu ione picha hiyo kwenye tiketi ya Entebbe: ndege inatua Nairobi, kijana wa uwanjani yupo mlangoni na kiti na jina la mama, ameandikiwa Entebbe. Kazi ya kijana huyo ni kumfikisha mama kwenye mlango wa ndege ya Entebbe, na ataifanya kwa heshima zote, "Karibu mama, kaa vizuri." Mama yako atamwambia nini? Ataacha kiti ili atembee korido ndefu zile kwa magoti yale, akikwepa msaada ambao ni haki yake?

Liko jambo jingine ambalo watu hawalifikirii mpaka liwakute. Shirika limeahidi kumfikisha mtu mwisho wa tiketi yake. Njiani halikuahidi kitu. Ndege ya kwenda Nairobi ikiharibika asubuhi ile, wanaweza kumhamishia mama kwenye ndege inayopita Kigali au Addis Ababa, au inayokwenda Entebbe moja kwa moja, na watakuwa wametimiza neno lao. Mama atatua Uganda jioni, na bwana harusi yuko Nairobi.

Nimesema sana juu ya mama, niseme kidogo juu ya mtoto, kwa sababu kaka yako pengine hajui. Shirika likigundua kwamba ofisi ya wakala imekata tiketi kwa makusudi ili kukwepa nauli halali, lina desturi ya kuiandikia ofisi hiyo hati ya madai ya tofauti ya nauli. Kwenye kazi tuliiita ADM, na ilikuwa inatetemesha ofisi nzima. Bosi akipokea ADM huangalia ni nani alikata tiketi. Kijana mwenye mwaka na nusu kazini haifai apoteze mkate wake kwa 235,000 ambazo familia inataka kuokoa, na ninyi wakubwa ndio wa kumwambia hivyo.

Sasa wizi. Hapana, kwangu mimi huo si wizi, na mama hatakamatwa. Kutopanda ndege uliyoilipia si kosa la jinai. Ni kuvunja masharti ya mkataba mliokubaliana na shirika, na shirika lina njia zake za kujibu: kufuta safari zilizobaki, kudai tofauti ya nauli, kufuta pointi za msafiri, hata kukataa kukubeba siku zijazo.

Mtoto amesema kweli kwamba ng'ambo wanafanya, lakini hakumaliza habari. Tovuti anayoisema nadhani ni Skiplagged, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kijana wa Marekani aitwaye Aktarer Zaman. Shirika la ndege la United lilimshtaki mwaka 2014, kesi ikaondolewa mwaka uliofuata kwa sababu mahakama ile haikuwa na mamlaka juu yake. Akashangiliwa kama shujaa. Kisha American Airlines nayo ikaishtaki tovuti, na mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama huko Texas likaamua American ilipwe dola milioni 9.4. Kwa upande wa abiria, Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, ilimdai mtu mmoja euro 2,112: alikata tiketi ya Oslo kwenda Seattle na kurudi kupitia Frankfurt, akarudi akashukia Frankfurt, kipande cha mwisho cha Oslo akakiacha. Mahakama ya Berlin ilimpa ushindi huyo abiria, na shirika likakata rufaa. Angalia alikiacha kipande kipi: cha mwisho. Na angalia kwamba alikuwa na muda na uwezo wa kusimama mahakamani. Mwaka 2023 kijana wa Marekani aliyekuwa anakwenda New York kupitia Charlotte, akikusudia kushukia Charlotte, alihojiwa kabla hata ya kupanda, tiketi ikafutwa, familia ikanunua nyingine ya moja kwa moja. Kijana huyo alikuwa na miguu yake mizima na lugha ya kujieleza. Hata hivyo wazazi wake walitaabika.

Najua kinachowauma. Kutoka Dar mpaka Nairobi ni kama saa moja na dakika ishirini angani. Inakuwaje anayekwenda mbali zaidi alipe kidogo? Nauli ya ndege haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa ushindani kati ya mji na mji. Fikiria tajiri mwenye maduka mawili, moja Kariakoo katikati ya wenzake ishirini wanaouza kitu kile kile, jingine mtaani ambako yuko karibu peke yake. Bei ya Kariakoo itashuka, ya mtaani itabaki juu, na mali imetoka stoo moja. Mtu wa Dar anayekwenda Entebbe anaweza kwenda moja kwa moja, kupitia Nairobi, Kigali au Addis Ababa, hivyo kila shirika linamshushia bei ili asiende kwa jirani. Anayekwenda Nairobi anataka kufika haraka, na wanaomfikisha haraka ni wachache. Ananyonywa pale. Naliona hilo kuwa ni dhuluma kwa watu wa jumuiya moja wanaooana na kuzikana kila mwezi, na nitaendelea kulisema. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lipo kwa ajili ya malalamiko ya abiria, andikeni huko. Lakini ugomvi huo tuupiganie sisi wenye nguvu. Tusimtume mama mwenye magoti akaupigane peke yake mbele ya kaunta.

Kwa sababu yeye ameshawaambia kinachomsumbua. "Niseme wapi?" Mama anayeuliza vile hajui kudanganya, na ninyi mmeshindwa kumjibu kwa sababu hakuna jibu jema. Akiulizwa, "Mama, safari ya wapi?" atasema Nairobi, kwa harusi ya mwanangu, huku anatabasamu. Na binti wa kaunta atainua macho kutoka kwenye kompyuta. Au atasema Entebbe kama alivyofundishwa na mjukuu, na ataibeba hiyo Entebbe kifuani mpaka ukumbini. Mmechanga ili aende kwa raha. Hii 235,000 inaichukua ile raha yenyewe.

Basi fanyeni hivi. Mtoto aiachie bukingi ya Entebbe, ikifika Ijumaa bila malipo itajifuta yenyewe bila gharama, kisha atafute Dar–Nairobi peke yake kwa siku nyingine. Asubuhi ya Jumanne au Jumatano mara nyingi huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumapili, na mama wa bwana harusi ana kila sababu ya kutangulia siku tatu nne. Bei ikigoma, ipo njia nyingine. Basi lenu linapita Moshi na Arusha. Mama apande ndege ya ndani mpaka Kilimanjaro, alale Arusha usiku mmoja anyooshe miguu, asubuhi achukue gari dogo la abiria mpaka Nairobi kupitia Namanga. Ni saa tano au sita, na mpakani atashuka na kutembea kidogo. Mmuulize kwanza daktari wake kama saa hizo anazimudu. Akisema hapana, ni hapana, lipeni 780,000 na kaka yako nitamwandikia mimi mwenyewe akitaka.

Mchele upelekeni kwa basi. Mchele ni kilo, na kilo ndizo zitakazowagombanisha na kaunta. Mama abaki na begi la sare, na lipimweni nyumbani kabla ya kwenda uwanjani, mara nyingi kikomo ni kilo 23 lakini tiketi yenyewe itawaambia. Awe na kadi ya njano ya homa ya manjano. Kama hajachanjwa aende wiki hii, maana kadi inaanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na ile ya zamani kama anayo bado ni halali, siku hizi haina mwisho. Kiti cha magurudumu kiombwe siku hiyo hiyo ya kukata tiketi.

Na siku ya safari mmoja wenu amsindikize mpaka kaunta. Begi likishafungwa tagi, kabla halijaondoka kwenye mkanda, mwambieni mama ainame azisome zile herufi tatu mwenyewe. Zikiwa NBO, mwacheni aende.